Betri Haijafa, Imekosa Pumzi

Mtu wa Meru au wa Embu hahitaji kuelezwa mteremko wa Nithi. Kila aliyepita barabara ya Chuka anaujua: breki zinaanza kunuka, makanga ananyamaza, abiria wanashikilia kiti kilicho mbele yao. Julai 2022 basi lilitoka darajani likatumbukia mtoni, watu zaidi ya 30 wakafa. Mimi mwenyewe nimezoea kulivuka daraja hilo nikiwa nimekaza vidole vya miguu. Lakini tangu niingie katika kundi la wenye magari ya haibridi, yale yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, nina jambo jingine la kusikiliza ninapopanda kutoka mtoni. Ni sauti ndogo ya upepo inayotoka ubavuni mwa kiti cha nyuma, kama mtu anayepuliza uji wa moto.

Februari moja, jua likiwa kali, sauti hiyo ilikosekana. Tulikuwa tunatoka Embu kwenda Meru, watu wanne na mizigo ya matanga. Tulipovuka Nithi na kuanza kupanda upande wa pili, gari lilikuwa zito kuliko kawaida. Injini, ambayo hupenda kupumzika kila ipatapo nafasi, ilinguruma bila kukoma. Karibu na njia panda ya Chogoria dashibodi iliwaka pembetatu nyekundu, na kioo kikaleta mstari wa maandishi ya Kijapani. Hakuna kati yetu aliyejua kuusoma. Tuliingia Meru mjini mwendo wa mkokoteni.

Gereji ya kwanza ilichomeka mashine ya kusoma makosa chini ya usukani, ikatoa alama moja, P3000, na hukumu ikatolewa papo hapo: betri kubwa imekufa, tafuta nyingine. Bei tuliyotajiwa ni ya mtu aliye tayari kuuza ng'ombe wa maziwa. Hawakufungua kitu chochote, wala hawakuinua kiti cha nyuma. Nilirudi kwa jamaa zangu nikiwa nimekwisha kupanga ni sacco gani nitaiendea kwa mkopo.

Wakati huo sikujua kwamba P3000 ni taarifa tu. Kompyuta inayosimamia mfumo wa haibridi husema kwayo kuwa kompyuta ya betri imelalamika kuhusu jambo fulani. Jambo lenyewe limeandikwa kwingine, ndani ya kumbukumbu za kompyuta ya betri, ambako mashine nyingi za bei nafuu haziingii. Kuihukumu betri kifo kwa alama hiyo peke yake ni kama kumpasua mgonjwa kwa sababu karatasi ya mapokezi imeandikwa "tumbo".

Magari ya haibridi yamejaa huku kwetu kwa sababu inayoeleweka. Oktoba 2023 petroli ilifika shilingi 217.36 kwa lita jijini Nairobi, na mlimani haikuwa rahisi zaidi. Mwalimu anayeishi Runyenjes na kufundisha Embu, au dereva wa teksi wa Makutano mjini Meru, akisikia kuna gari linalokunywa karibu nusu ya alilonalo, atalitafuta. Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, na Aqua ikafuata Desemba 2011. Leo barabarani utaziona Aqua, Axio na Fielder za haibridi, Honda Fit na Vezel, Nissan Note za e-Power. Sheria yetu inazuia kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo nyingi hufika Mombasa zikiwa na miaka sita, saba au inayokaribia minane. Feni ya betri imekuwa ikivuta vumbi la Japani miaka yote hiyo. Kisha inakuja kuanza kuvuta la kwetu.

Kwa nini betri ihitaji feni? Betri ya Aqua ya kizazi cha kwanza ni ya nikeli, vipande 20 vilivyopangwa kama mikate katika kreti, kila kimoja volti 7.2, vyote pamoja volti 144. Prius ya kizazi cha tatu ina vipande 28, volti 201.6. Umeme unapoingia au kutoka kwa nguvu, vipande hivyo hupata joto, na vile vya katikati hupata zaidi kwa kuwa vimebanwa na wenzao pande zote. Betri ya nikeli inayozoea kupita nyuzi joto 45 huzeeka upesi. Waliounda magari haya waliiweka chini ya kiti cha nyuma au nyuma yake, wakaipa feni inayovuta hewa ile ile wanayopumua abiria. Hesabu yao ni nzuri: mtu akijisikia vizuri ndani ya gari, betri nayo iko sawa.

Hapo ndipo barabara yetu inapoingia. Kutoka Embu hadi Meru unazunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, na kila mto unaoshuka mlimani umechimba bonde lake: Thuci, Nithi, Mutonga, na vijito katikati yake. Unashuka, unapanda, unashuka tena. Gari la haibridi likishuka, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Gari la tani 1.2 likishuka mita 100 tu linaachilia nishati ya takriban kilowati-saa 0.33. Sehemu hupotea kwa upepo, matairi na joto, lakini betri nzima ya Aqua ina kama kilowati-saa 0.94, na kompyuta hairuhusu itumike yote. Maana yake, bonde moja linaweza kuijaza betri kabla hujafika darajani, na mlima wa upande wa pili ukaimwaga yote. Dakika chache baadaye mchezo unaanza upya. Betri inayoendeshwa Thika Road hailazimishwi kujaa na kuisha mara nyingi hivi kwa safari moja.

Isitoshe, hewa yetu ni nyepesi. Kwenye mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kimo cha Meru mjini hivi, hewa ina uzito wa karibu asilimia 86 ya ile ya Mombasa. Feni ikizunguka kwa kasi ile ile inabeba joto kidogo kuliko pwani. Baridi ya Julai inatusaidia. Februari haitusaidii, na ukishuka kwenda Kiritiri, Ishiara au Isiolo, joto na vumbi vinakuja pamoja.

Fundi wa pili nilielekezwa na mzee wa kanisa. Alikuwa kijana wa jua kali, kibanda cha mabati, mikono safi kuliko nilivyotarajia. Kabla hajagusa chombo chochote aliniuliza swali lililonishangaza: "Mzee, vitambaa vya viti ulishona lini?" Nikamwambia Desemba, kabla ya sikukuu. Akafungua mlango wa nyuma, akapapasa ubavu wa kiti, akanionyesha. Fundi cherehani alikuwa amevuta lile lezi jipya likafunika zaidi ya nusu ya matundu ya hewa. Mimi nililipia kitambaa hicho na kukisifu. Nilikuwa nimeiziba betri pua kwa pesa zangu.

Yule kijana hakuishia hapo, na utaratibu aliofuata ndio ninaotaka kila mwenye gari la namna hii aujue, hata kama hatashika bisibisi maishani mwake.

Alianza na masikio. Feni nzima ya betri husikika kwa shida wakati wa baridi, na husikika wazi betri ikipata joto. Ikinguruma daima hata asubuhi ya ukungu, ina maana kompyuta inaiomba ikimbie kwa sababu joto haliondoki. Ikikwaruza, beringi zimeanza kuisha. Ikiwa kimya kabisa baada ya kupanda Nithi na watu wanne, kuna tatizo.

Kisha akachomeka kifaa kinachozungumza na simu kwa bluetooth, akaingia kwenye kompyuta ya betri yenyewe. Hapo alama halisi ikajitokeza: P0A82. Alama za feni zinakaa pamoja kama ndugu. P0A81 inahusu njia ya umeme inayoiamuru feni. P0A82 inasema feni imeamriwa lakini haifanyi kazi inavyotakiwa. P0A84 ni umeme wa njia hiyo kuwa chini mno, P0A85 ni kuwa juu mno. Mbili za mwisho humpeleka fundi kwenye waya, plagi na fyuzi kabla ya kuishuku feni. Panya wa nyumbani wanapenda sana waya zilizo chini ya viti, hasa gari likilala karibu na ghala la mahindi.

Alama ambayo ni habari mbaya kweli ni P0A80. Maneno yake rasmi yanasema badilisha betri ya haibridi, na hayo ndiyo maneno yaliyowamalizia watu pesa. Kompyuta huiandika inapoona vipande vya betri vimetofautiana volti kupita kiasi. Mara nyingi betri kweli imechoka. Lakini hata hapo fundi mzuri atauliza imechokeshwa na nini, kwa maana ukiweka betri mpya juu ya feni iliyoziba, umeiweka kwenye jiko lile lile lililoipika ya kwanza.

Hatua iliyofuata ilinivutia zaidi. Alisoma joto. Prius ina vipima joto vitatu ndani ya betri na kimoja kwenye njia ya hewa inayoingia, na magari mengine ya Toyota yana mpangilio unaofanana. Alinieleza namna ya kuviangalia. Vyote vikipanda pamoja huku feni ikiwa kasi ya juu, hewa haipiti: kuna kizibo mahali fulani. Kimoja kikisimama mbali na wenzake, shuku kipima joto chenyewe, au upande mmoja wa betri uliozibwa. Gari likiwa limelala usiku kucha, asubuhi vyote vinapaswa kukaribiana na joto la hewa ya nje, na kisichokubaliana na wenzake kinadanganya. Joto likiwa sawa lakini volti za vipande zinaachana unapopanda mlima, hapo ugonjwa uko kwenye betri, usiisingizie feni.

Kwangu, joto lote lilikuwa limepanda kwa pamoja, na volti za vipande zilikaribiana. Nilipumua.

Sasa akaiamuru feni kwa simu. Programu za namna hii huruhusu kuipa kasi hatua kwa hatua. Kwenye Prius huanzia 0, yaani imezimwa, hadi 6. Akashika kipande cha karatasi ya shashi mbele ya matundu. Kasi ya kwanza, karatasi haikutikisika. Ya tatu, ikainama kidogo. Ya sita, ilipaswa kunaswa na kubaki imeng'ang'ania, ila ilitetema tu ikaanguka. Feni ilikuwa inazunguka lakini haivuti. Kama isingezunguka kabisa, angepima plagi yake: je, volti 12 zinafika, waya wa ardhini umeshika, na amri kutoka kwenye kompyuta inakuja? Vyote vikiwapo na feni bado imelala, feni imekufa. Kikikosekana kimoja, ukinunua feni mpya umetupa pesa. Na kwa kuwa feni hula umeme wa betri ndogo ya volti 12, betri hiyo ndogo ikichoka huleta malalamiko ya uongo ya kila aina, ipimwe mapema.

Tulipoitoa, niliona kilichotufikisha pale. Mapezi ya feni yalikuwa yamevaa blanketi. Nyuzi za sweta na mablanketi, vumbi jekundu lililoshikana kama unga wa ugali mbichi, maganda ya njugu, na vipande vya majani makavu ya muguka. Abiria wa Mbeere hula muguka kwa njugu, hilo si siri, na kinachoanguka kitini hutafuta njia ya hewa. Yule kijana alisafisha kwa brashi ndogo ya rangi na kifyonza vumbi, polepole, pezi kwa pezi. Nilimwuliza kwa nini asipulize kwa kompresa iliyokuwa pale kando. Alisema hewa ya kompresa ikiizungusha feni kwa kasi isiyo yake huumiza beringi, tena mota ikizungushwa hivyo huzaa umeme ambao unaweza kurudi kwenye saketi yake na kuiharibu. Kuna jambo la tatu ambalo nimeliongeza mwenyewe: ukipuliza kuelekea ndani, uchafu unaingia katikati ya vipande vya betri, na hapo brashi haifiki.

Alipomaliza alirudisha bomba la plastiki linalounganisha matundu ya hewa na feni, akahesabu vibanio vyake. Hili linadharauliwa. Bomba likirudishwa bila kubana, feni huvuta hewa ya buti, ambayo ni ya moto, na gari linarudi gereji baada ya wiki mbili likiwa na alama ile ile. Mwisho tukatoboa lezi langu jipya. Halikupendeza, lakini matundu yalipumua.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu najua ni wangapi hawakupata fundi wa pili. Nimeona pia tabia zinazoua feni kabla ya wakati. Kuosha gari ndani kwa maji na sabuni, jinsi tunavyopenda kabla ya harusi, huingiza maji kwenye matundu yanayoelekea kwenye betri ya volti zaidi ya mia. Mifuko ya viazi na makreti ya nyanya huegemezwa ubavuni mwa kiti. Madirisha hufunguliwa kwenye barabara ya vumbi ili kuokoa petroli ya eya kondishena, kumbe betri inavuta vumbi lote badala ya hewa baridi iliyochujwa. Baadhi ya magari ya karibuni yana chujio dogo kwenye matundu hayo, ambalo hutoka kwa kidole na kusafishwa kwa dakika tano. Na ule mstari wa Kijapani kwenye dashibodi, kwa baadhi ya magari ya Toyota, unaomba tu sehemu za kupoza betri zihudumiwe. Upige picha kwa simu, uupeleke kwenye programu ya tafsiri, kabla hujaenda kwa mtu yeyote.

Si kila gari ni la feni ya kiti. Honda Fit na Vezel zimeweka betri ya lithiamu chini ya sakafu ya buti, nazo hupozwa kwa hewa. Ile ya Note ya e-Power iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo zulia lililosukumwa vibaya linatosha kuiziba. Nissan Leaf ya kizazi cha kwanza na cha pili, ya umeme mtupu, haina feni ya betri kabisa wala maji ya kuipoza. Joto lake huondoka lenyewe kupitia ganda la chuma, na ndiyo maana hupoteza uwezo haraka kwenye nchi za joto. Akija fundi akakwambia feni ya betri ya Leaf hiyo imeungua, mwache akatafute gari la mwingine. Magari mengi mapya ya umeme hupoza betri kwa maji: kuna pampu, mabomba, rejeta na feni kubwa mbele. Huko uchunguzi unaanzia kwenye kiwango cha maji, hewa iliyonaswa kwenye mabomba, na pampu, kisha feni.

Kuna mpaka ambao fundi wa kawaida asiuvuke. Feni yenyewe na plagi yake ni za volti 12, hazina hatari. Lakini nyaya za rangi ya chungwa zilizo jirani nazo zinabeba umeme wa kuua. Kabla ya kufungua ganda la betri, gari lizimwe, ufunguo uwekwe mbali, betri ndogo ikatwe, plagi ya usalama ya chungwa ichomolewe na kuwekwa mfukoni, kisha isubiriwe dakika 10 ili umeme uliobaki ndani ya inverta uishe. Glavu ni za mpira zilizopimwa kwa volti 1,000, zikaguliwe kila mara kama zina tundu. Glavu za kuoshea vyombo si glavu.

Mafundi wetu wana mikono. Nimewaona wakifufua injini za Probox za miraa ambazo kwingine zingeuzwa kama chuma chakavu. Wanachokosa ni mtu wa kuwakalisha mbele ya data inayotembea na kuwaonyesha kwamba joto na volti za vipande vya betri vinasimulia kisa. Meru kuna Meru National Polytechnic inayofundisha ufundi wa magari, na vijana wa jua kali wako umbali wa kutembea kwa miguu. Kozi ya jioni ya wiki mbili, kwa gari moja la haibridi na vifaa vya simu, ingeokoa ng'ombe wengi wa maziwa katika kaunti hizi. Sisemi hili kama ndoto. Kijana aliyenihudumia alijifunza yote hayo kwa video na kwa kukosea magari ya ndugu zake.

Siku ya tatu tulirudi Embu. Nilifunga madirisha, nikawasha baridi, nikawaomba wenzangu wazime redio tulipovuka Nithi. Tulipoanza kupanda kuelekea Chuka, sauti ikaja, kwanza nyembamba, kisha nene, upepo ukipita ubavuni mwa mama aliyekaa nyuma hadi akajifunika leso. Injini ilizimika na kuwaka na kuzimika tena, kama zamani. Tulipofika tambarare ya Chuka mjini, feni ilipunguza pumzi hatua kwa hatua, ikanyamaza yenyewe.